Mheshimiwa Black Mamba

Watu wa mjini hulisifu gari kwa sababu halimsumbui mtu. Unaingia, unafunga mlango, unawasha redio, unasahau kama una miguu. Hata jeneza lina starehe hizo, ukiondoa redio. Mimi leo namsifu Mheshimiwa Black Mamba, baiskeli nyeusi ya chuma, kilo ishirini hivi kabla hujampakia kitu, ambaye kila Jumamosi hunileta Soko la Burma hapa Nairobi bila kuninyima usumbufu hata mmoja.

Tuanze na suruali. Mheshimiwa ameshakula nne, zote mguu wa kulia, upande wa cheni. Hata ile ninayomnyima kwa kuikunja hadi gotini huiachia muhuri wa grisi. Siufui muhuri huo. Pale Burma ndio unaonipa bei. Mwenye gari akiegesha kando ya soko, kilo ya nyama hupanda kabla hajafungua mlango. Anakatiwa mfupa huku akiitwa "mkubwa". Mimi muuza nyama hunitazama kifundo cha mguu, akanitajia bei ya binadamu.

Halafu pancha. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana wengi hulitaja neno hili kana kwamba ni laana. Soko hili, wazee husimulia, lilipata jina kwa askari wa jeshi la kikoloni la KAR waliorudi kutoka Burma baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kule walipigana na Wajapani, na jeshi la Wajapani lilikuwa limeshaiteka Malaya kwa baiskeli. Waliingia Desemba 1941, wakateremka na barabara za mashamba ya mpira, na tarehe 15 Februari 1942 Singapore ikasalimu amri. Tairi zilipopasuka, walikanyaga peda kwa ringi tupu. Inasemekana mlio wa chuma juu ya lami usiku uliwafanya watetezi wadhani ni vifaru vinakuja. Hebu nionyeshe gari ambalo likipata pancha hugeuka kifaru.

Heshima yake mbele ya wakubwa ni ya ajabu. Ile Nairobi Expressway, kilomita 27, ilipofunguliwa 2022 ilimpiga marufuku asikanyage, yeye pamoja na bodaboda na waendao kwa miguu. Wenye magari hulipia kupita. Mheshimiwa hatozwi hata senti. Tena mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa wapita njia wa aina yetu. Kwenye Jogoo Road fungu letu nimelipima mwenyewe. Ni ile nafasi kati ya ubavu wa matatu na mtaro, nayo hupanuka na kusinyaa kulingana na haraka za dereva. Na katika jengo moja mjini askari wa getini alimzunguka mara mbili akitafuta nambari ya usajili, asiione, akaniambia nimfunge kwenye mti nje. Gari lililotufuata lilipigiwa saluti, dereva wake hakuulizwa hata jina.

Kuna Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeshinda Tour de France mara nne. Namheshimu sana. Lakini mlima hata mmoja hakuupanda na kilo mbili za matumbo kwenye keria.

Waliobobea katika kazi hiyo wako hapa Burma. Jumamosi iliyopita nilimtazama kijana mmoja aliyefika na sanduku la bati jeupe limefungwa nyuma kwa mipira ya tyubu, maandishi NYAMA yamechujuka hadi ikabaki YAMA. Alishuka kwa kurusha mguu mbele, juu ya mtaimbo, maana nyuma hapakuwa na nafasi. Hakuegemeza baiskeli popote. Aliishikilia kwa nyonga, akafungua kifuniko, akatoa mguu wa mbuzi, akafunga, akaondoka kwa kusukuma hatua tatu na kuruka. Nyuma yake pikapu ilikuwa bado inapiga honi ikitafuta pa kuegesha. Iliendelea kutafuta hadi nikamaliza kununua, nikanywa chai, nikamaliza chai.

Siku hiyo hiyo, nikiwa natoka, Mheshimiwa alitoboka. Fundi alitoa tyubu, akaizamisha ndani ya karai la maji machafu, tukainama vichwa vitatu kutafuta viputo: yeye, mimi, na mama wa sukuma wiki aliyeacha wateja wake. Mama ndiye aliyeviona kwanza. Fundi akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akaipulizia kama chai ya moto, akabandika kiraka na kukigonga kwa ngumi. Nikajua habari zote za soko, na za ndoa moja ya mtaa wa Maringo ambayo sikuwa nimeulizia. Dereva wa gari angejuaje?

Kwa hiyo wewe unayekuja nyuma yangu Jumamosi ijayo, dirisha limefungwa: nikiwa nimebana kushoto na kabeji mbili kwenye keria, usinipigie honi. Nimekusikia tangu kule Hamza.