Sifa za Kidole Tumbo, Mkazi Asiye na Anwani

Moyo una washairi wake, na maini yana wateja wake buchani. Wewe, kidole tumbo, nani amewahi kukusifu? Huku Kakese kwenye mpunga wetu, unatajwa tu pale mama anapochambua mchele: "Toeni mawe hayo, mtapata kidole tumbo!" Umesingiziwa. Kokoto ya kwenye wali ni nadra kukuziba. Mara nyingi ni kibonge cha kinyesi kilichokauka, au kuta zako zenyewe zilizovimba. Lakini hukujitetea, ukatuachia tule wali usio na mawe.

Nakusifu zaidi kwa ukaidi wako. Mwaka 2022 serikali ilizipa nyumba anwani nchi nzima, wewe hukuandikishwa. Daktari wa upasuaji Charles McBurney wa New York alikwishajaribu kukupa anwani mwaka 1889: pima kutoka mfupa wa nyonga ya kulia kuelekea kitovuni, bonyeza penye theluthi ya kwanza, utampata. Akupate wapi! Shina lako limetulia mwanzoni mwa utumbo mpana, ila ncha yako huenda itakako. Daktari mwenzake wa upasuaji, Cecil Wakeley, alichambua kesi 10,000, akaeleza mwaka 1933 kwamba karibu mara mbili kwa kila tatu ulikuwa umejificha nyuma ya utumbo. Ukiwaka hapo, tumbo huweza kubaki laini, mgonjwa akalalamikia ubavu. Ukining'inia nyongani, unajifanya UTI. Kwa akina mama, unajifanya ugonjwa wa kizazi. Mimba ikikua, inakupandisha juu. Na kwa wale wachache waliozaliwa viungo vyao vya ndani vimegeuka, uko kushoto.

Wenye dharau wanasema huna kazi. Kumtia adabu daktari si kazi? Kwa hofu yako anauliza maumivu yalianzia wapi na sasa yamehamia wapi. Anabonyeza, anasubiri, anabonyeza tena, anaagiza kipimo cha damu na ultrasaundi. Asiyekuheshimu huandika vidonge vya UTI na kumrudisha mtu nyumbani, nawe unapasukia huko.

Basi, mheshimiwa wa sentimita tisa hivi, nakuomba hisani moja. Siku ukikasirika, usimkute mtu wetu akinywa dawa ya kuharisha eti asafishe tumbo. Umkute yuko kwenye bodaboda, anawahishwa hospitali Mpanda, kwa daktari anayejua kwamba kitabu kilichora tumbo la mtu mwingine.