Kilo ya Bastola

Shemeji yangu wa Tunduma anapenda bastola kama wengine wanavyopenda Simba na Yanga. Hana hata moja, leseni hajawahi kuomba, na nadhani pekee aliyowahi kuishika ni ile ya maji ya mwanawe. Lakini mtajie John Browning uone. Utaambiwa kwamba Mmarekani huyo ndiye aliyebuni ile ya mwaka 1911, chuma kitupu chenye vibao vya mti kwenye mpini, risasi saba ndani ya magazini, kila risasi milimita 11 na ushei. Utaambiwa kwamba alikata roho mwaka 1926 akiwa kiwandani Herstal, Ubelgiji, na hapo shemeji hunyamaza kidogo kama aliyefiwa. Hizi za plastiki walizozieneza Waaustria miaka ya 1980 anaziita vyombo vya jikoni.

Kwa hiyo nilipomwambia kwamba msimu wa samaki ukifunguliwa nitakuwa natembea na fedha za mchele kando ya Ziwa Mweru, habari za benki hakuniuliza. Alisema: "Shemeji, wewe unahitaji mguu wa kuku wa kizamani. Wa kuficha."

Mimi nauza mchele wa Nakonde pale Kashikishi, mji ulioungana na Nchelenge hata mgeni hajui ametoka upi na kuingia upi. Kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari serikali hufunga uvuvi, na pwani nzima hukonda. Watu hununua mchele kwa kikombe. Machi ikiingia, nyavu zinarudi majini, dagaa wadogo wanaoitwa chisense wanaanikwa mchangani mpaka ufuo unameta, malori yanapakia kwenda Copperbelt na Kasumbalesa, na yule aliyekuwa akinunua kikombe anaagiza gunia. Ndipo kwacha zinapotembea, na ndipo shemeji aliponiona mimi kama tajiri wa sinema.

Nilimkumbusha kwamba Zambia ina Sheria ya Silaha, Sura ya 110, na kwamba bila leseni ya polisi bastola ni kesi, tena kwa mgeni kama mimi ndiyo balaa lenyewe. Nilimkumbusha pia kwamba nusu ya wateja wangu hulipa kwa simu, hivyo bastola ingekuwa inalinda Nokia yenye kioo kilichopasuka. Hakusikia. Alikwisha kuingia kwenye historia.

"Hiyo ni nchi ya bunduki, shemeji!" Akanitajia Tippu Tip, ambaye mwaka 1867 alipigana na Nsama, mkuu wa Watabwa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, akatoka na majeraha ya mishale na shehena ya pembe. Akanitajia Msiri, mwenzetu wa Unyamwezi aliyekuja huku kwa biashara akaishia kuwa mfalme Bunkeya, magharibi ya ziwa, hadi Desemba 20, 1891, Kapteni Omer Bodson wa Ubelgiji alipompiga bastola.

Mimi historia hiyo naisoma vingine. Tippu Tip hakuficha kitu. Jina lenyewe inasemekana lilitokana na mlio wa bunduki zake, na msafara wake ulibeba silaha mabegani ili wenyeji wazihesabu tangu zikiwa ng'ambo ya mto na waanze kufikiria amani. Silaha ya kufichwa ingemsaidia nini? Naye Bodson, pamoja na bastola yake, aliuawa na watu wa Msiri katika purukushani ileile. Nilipomweleza hivyo shemeji alisema tatizo la Bodson lilikuwa aina ya bastola.

Mwisho tukaafikiana jambo moja la busara, nalo nampa sifa kwa sababu ni lake: kabla hata ya kuuliza bei, kabla ya kumsumbua ofisa yeyote wa polisi kwa fomu, nitembee kwanza na uzito. Kiuno kikikubali, tutazungumza. Kikikataa, basi. Ile ya 1911 ikiwa tupu ina kama kilo moja na gramu mia. Kuna na ndugu yake, Browning ya 1935, ambayo mzee alifariki kabla ya kuimaliza, ikamaliziwa na Mbelgiji Dieudonné Saive. Hiyo inabeba risasi 13 na ni nyepesi zaidi. Shemeji alikataa habari za wepesi. Mwanamume huanza na 1911.

Muuza mchele hahangaiki kutafuta kilo moja. Nilichukua jiwe la mizani la akiba, la chuma, nikalibandika betri kubwa ya tochi, nikazungushia plasta nyeusi ya fundi umeme. Kilo moja na gramu mia, au karibu yake. Nikalichomeka ndani ya suruali upande wa kulia, mkanda juu yake, shati nje.

Jambo la kwanza ambalo vitabu vya bastola havisemi ni baiskeli. Usafiri wetu wa kawaida ni kukaa nyuma ya baiskeli ya kukodi, juu ya keria, na kila shimo la barabara lilikuwa linanigongea jiwe kwenye mfupa wa nyonga. La pili ni upepo. Mchana Mweru hupuliza kutoka majini, na shati lililoachwa nje ili lifiche hupanda mpaka kifuani. Nilitembea sokoni nikiwa nimelishika shati kwa mkono mmoja, mithili ya bibi harusi na shela lake, na kila niliyesalimiana naye alitazama kwanza uso, halafu mkono, halafu kiuno. Huku salamu haziendi haraka. Mtu akikuambia "Mulishani, batata" anachutama kidogo, anapiga makofi ya heshima, nawe unatakiwa uchutame pia. Jaribu kuchutama na bastola ya mwaka 1911. Nilijibu salamu nikiwa wima kama mlingoti, nikaanza kusikia kwamba yule muuza mchele siku hizi ana majivuno.

Lakini kilichonimaliza ni boti ya kwenda kisiwa cha Kilwa, ambako nilikuwa na madeni ya kukusanya. Hapo hakuna gati la maana. Unakunja suruali hadi gotini, unaingia majini, unapanda. Nilipoinua mguu, mkanda ukalegea, na jiwe likateremka ndani ya suruali. Lingekuwa limeanguka ziwani, ningeshukuru. Likakwama kwenye mkunjo wa gotini.

Nikakaa. Goti lilikuwa limetokeza kama lenye mimba. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya alilitazama muda mrefu, akawaambia wenzake kwa Kibemba, nao wakanisikitikia. Wakamwomba nahodha asiondoke kwanza, kwa kuwa Hospitali ya Mtakatifu Paulo iko palepale Kashikishi na si busara kuvuka maji na goti la namna ile. Nilisema siumwi. Wakasema ndiyo dalili mbaya kabisa, lisipouma. Yule mama, kwa huruma ambayo siwezi kumlaumu, akaweka beseni chini, akaninyooshea mkono, akalibonyeza.

Akanyamaza. Akabonyeza tena, safari hii kwa kucha.

"Hili si goti," akasema. "Hii ni kilo."

Sasa fikiri. Mfanyabiashara wa mchele, mgeni, amekutwa na jiwe la mizani amelificha ndani ya suruali. Afadhali wangenikuta na bastola. Habari zilinitangulia Kilwa, sijui kwa mdomo gani, maana boti ilikuwa moja. Na niliporudi Kashikishi mwenyekiti wa soko alikuwa ameketi mbele ya duka langu pamoja na wateja wenye vifuko vya mchele walioununua wiki nzima, wakitaka upimwe upya.

Tulitoa kila jiwe. Jirani yangu muuza maharage aliazimisha la kwake, ambalo wote walikuwa na imani nalo. Likawekwa sahani hii, langu lenye plasta likawekwa sahani ile. Langu likazama.

Palikuwa na kimya cha hesabu. Kisha bibi mmoja akasema polepole, kama anayejisemea, kwamba jiwe likiwa zito mchele unakuwa mwingi. Wakapima vifuko vyao. Vingi vilikuwa na ziada. Ndipo kijana wangu wa dukani alipoeleza kwamba kila jioni nikilivua lile jiwe na kwenda kuoga, yeye hulichukua kupimia, kwa sababu alidhani plasta nyeusi ni alama ya wakaguzi wa vipimo.

Ikanibidi nieleze ukweli wote, shemeji na Browning na Herstal, huku mwenyekiti akinitafsiria. Sijawahi kuchekesha watu kiasi kile, na sikuwa ninakusudia. Asubuhi yake foleni ilifika kwa muuza maharage. Kila mtu alitaka kilo ya bastola. Jirani akashtaki kwamba naharibu soko, mwenyekiti akaamua: kilo ya kawaida ibaki bei ya zamani, ya bastola iwe na bei yake, na betri ikaguliwe isije ikachuja ndani ya mchele. Nikapandisha asilimia 15. Bado wanaipendelea.

Shemeji alipopiga simu kuuliza kama kiuno kimezoea, nilimwambia bastola inauzika vizuri sana. Baada ya kimya kidogo akauliza kama sasa nitaleta na ile ya 1935. Nikamwambia haiwezekani, ni nyepesi, wateja wataipima.