Marehemu Ameegesha Kariakoo

Turubai la matanga halijakunjwa, funguo za gari la marehemu hazionekani. Hazijaibiwa. Ziko mfukoni mwa shemeji aliyetumwa barafu siku ya mazishi, na ambaye tangu hapo hajamaliza kufuata barafu.

Katika familia moja ya Magomeni, Dar es Salaam, gari lenyewe lilikuwa Toyota Corolla kuukuu, na barafu ilifuatwa hadi Bagamoyo. Mtoto wa kwanza wa marehemu, aliyebebeshwa bahasha ya nyaraka kwa sababu ndiye aliyesoma, alijaribu kuwaeleza wenzake kwamba kadi bado ina jina la baba, na kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuuza wala kugawa mali hiyo mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Walimsikiliza vizuri. Kisha wakaulizana nani ana zamu ya gari Jumamosi.

Siku alipofanikiwa kulipata ili alipeleke gereji, trafiki akamsimamisha. Leseni yake safi, bima ndogo haijaisha. Kilichomponza ni kadi.

“Mwenye gari yuko wapi?”

“Yuko Kinondoni, afande.”

“Mpigie simu aje.”

“Afande, yuko makaburini.”

“Basi wakimaliza kuzika, aje.”

Safari ya karatasi huanzia kwenye tangazo la kifo linalotolewa hospitali. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, ndipo RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, watoe cheti. Siku 30 ni nyingi kwa asiyefiwa. Kwa mfiwa huishia kwenye kurudisha masufuria ya watu.

Cheti kikishapatikana, ukoo hukaa kikao kupendekeza msimamizi, na muhtasari wake hupelekwa mahakamani. Muhtasari wa Magomeni ulimtaja yule mtoto wa kwanza kuwa msimamizi kwenye mstari wa tatu. Kurasa zilizobaki zote zilikuwa “mengineyo”. Baba mdogo alitaka iandikwe kwamba redio ya gari ni yake, alimwazima tu marehemu. Shangazi naye akadai tairi la akiba.

Marehemu alikuwa Mwislamu, kwa hiyo shauri likafunguliwa Mahakama ya Mwanzo kwa Fomu Namba 1. Hapo tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Pingamizi la kwanza likatoka kwenye herufi moja: kwenye kadi ya gari jina la marehemu lilianza na K ikifuatiwa na H, kwenye cheti cha kifo, K ilikuwa imeondoka na mwenyewe. Ikabidi kiapo kwa wakili kuthibitisha kwamba aliyenunua gari na aliyezikwa ni mtu mmoja.

Hatimaye ikatoka Fomu Namba 4, barua ya uteuzi, na pale ndipo wengi hupotea njia. Msimamizi si mrithi wa kila kitu. Ni mtumishi wa warithi, tena asiye na mshahara. Ana miezi minne, mahakama isipomwongezea, ya kupeleka Fomu Namba 5 yenye orodha ya mali na madeni. Kijana akauliza ukoo bei ya gari. Waliotaka kulinunua wakasema ni chuma chakavu. Waliotaka fungu lao la fedha wakaapa kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Fundi aliyeitwa kuamua alifungua boneti, akatazama ndani kwa muda mrefu, akauliza ni nani atakayemlipa.

Akapatikana mnunuzi asiye ndugu, na hilo peke yake lilikuwa nafuu. Mtu huyo, kabla ya kwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, kuhamisha umiliki, alikagua madeni kwa kutumia namba ya gari. Yakatokea ya maegesho, mfululizo, yote ya Kariakoo, yote ya baada ya arobaini. Kwa mujibu wa kumbukumbu, marehemu alikuwa akienda sokoni.

Kikao kikaitishwa tena. Ni nani aliyekuwa Kariakoo tarehe hizo? Shemeji akakumbuka kwamba alikuwa Tanga. Wengine wote, ajabu, walikuwa kwenye harusi moja. Kwa kuwa madeni hulipwa kabla ya warithi kugawana, deni likakatwa kwenye bei ya gari, na mjane akapewa thumni yake ya kilichobaki. Kwenye Fomu Namba 6, ya hesabu, msimamizi aliandika: “Maegesho, marehemu.” Karani akagonga mhuri bila kuuliza.