Kwani Mbao Ziliisha?

Seremala wa Kampala anaijua rangi moja tu. Pita Barabara ya Ggaba kuanzia Nsambya mpaka kwetu Kabalagala, utazame vitanda vilivyopangwa kando ya lami vinakula vumbi. Vyote damu ya mzee. Uwe mkaratusi, iwe paini, iwe mahogani halisi iliyovuka mpaka kutoka Ituri, vyote vimepakwa rangi ileile vikang'arishwa kwa vanishi mpaka vinakurudishia sura yako. Mimi nikataka rangi mbili, na tangu siku hiyo mtaa mzima unanihurumia.

Chanzo ni mama mkwe. Nimeoa Buganda, na huko mtu na mama mkwe wake hawakai uso kwa uso wala hawapeani mkono. Wakijisahau, mikono inaanza kutetemeka. Ugonjwa huo wanauita obuko, na usithubutu kumwambia Muganda kwamba ni uzee tu. Sasa bibi anakuja kutoka Masaka kutibiwa macho, na sisi tunakaa kwenye muzigo, yaani chumba kimoja ambacho Kampala nzima inakigawa kwa pazia: mbele sebule, nyuma kitanda. Pazia letu halina adabu. Ukiwasha feni linapanda juu, na watu wawili wenye heshima zao wanabaki wakitazamana.

Basi nikaamua: kiambaza cha mbao cha kukunja, vipande vitatu, fremu za mvule na fito za musizi katikati, weusi na weupe vikae pamoja. Mimi ni mtu wa Tanga. Pwani mambo haya tuliyamaliza zamani. Viti vya enzi vya Lamu na Pate vilitiwa nakshi ya pembe na mfupa juu ya mbao nyeusi, na sijasikia sultani aliyeulizwa kama mpingo ulimwishia njiani.

Mimi niliulizwa. Fundi wangu ni Mkongo wa Bunia, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko hesabu zake. Aliugeuza mchoro, akautazama juu chini.

"Papa, hapa katikati mvule itakuisha?"

"Haiishi, fundi. Nataka hivyo."

"Uongeze pesa kidogo, tufanye yote mvule."

"Pesa ipo. Nataka musizi."

Akanitazama kwa macho ya mtu anayeficha msiba wa mwenzake.

Mbao tulizifuata Ndeeba. Mvule siku hizi unauzwa kwa kunong'onezana, na nusu ya unaoitwa mvule ungeshangaa kusikia jina hilo. Musizi tele. Huo nami ninaujua: ni mti wa huku Uganda uliopelekwa Amani, kwenye milima yetu ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, na ulipoonja mvua ya kule ukajitwalia msitu. Nyumbani tunaung'oa, huku nimeulipia na usafiri juu.

Kazi ikaanza, yaani visingizio vikaanza. Umeme umekatika. Gundi haikauki, mvua. Kuna mazishi. Kisha akanipigia simu na kikubwa zaidi: "Papa, mbao yako iko na mawe ndani." Nimesikia mengi kwa mafundi, lakini hilo lilinitoa ndani mpaka Nsambya. Kumbe lipo. Mvule una tabia ya kujaza chokaa kwenye majeraha yake, chokaa inaganda jiwe, na jiwe lilikuwepo pale, la kijivujivu, saizi ya punje ya hindi, limemeza meno mawili ya msumeno. Nikanyamaza. Kisingizio chenye ushahidi mezani utakijibu nini?

Nilipoinua macho nikamwona kijana wa fundi anastafutahi. Kabalagala si mtaa tu. Ni pia vile vikeki bapa vya ndizi mbivu na unga wa muhogo vinavyokaangwa kwenye mafuta tele. Kijana alikuwa navyo vinne, na sahani yake ilikuwa fito zangu za musizi, zilizotoka kupigwa randa asubuhi hiyohiyo, njano safi. Miduara minne ya mafuta. Nikamwambia apige msasa. Akapiga. Mafuta yakazama zaidi.

Bawaba nazo. Kiambaza cha vipande vitatu kinataka bawaba zipishane, huku zikae mbele, kule zikae nyuma, ndipo kisimame kwa kujipinda na kikunjike kikalala bapa. Zangu zote zilitiwa mbele. Kikikunjwa, kipande cha kwanza na cha tatu vinagombea nafasi moja, na anayebanwa ni kidole cha mwenye mali. Akazibadilisha, sikatai. Akabadilisha na rangi pia. Niliporudi kukichukua nilimkuta kijana na kitambaa na kopo, kipande kizima tayari ni damu ya mzee, fremu na fito na miduara yake.

"Tumekusaidia, Papa. Mama akikuta rangi mbili atasema pesa ilikuisha."

Nikasimama pale mpaka msasa ukaiondoa rangi yote. Fundi akaona nimevimba, akanibembeleza kwa neno ambalo halijaniacha nilale: musizi ni njano ukiwa mpya tu, ukionja mwanga unaanza kuiva kuelekea kahawia, na mvule vilevile unakolea. "Usikasirike. Wakati utafika zitafanana zenyewe." Nimelipia tofauti ambayo mbao zenyewe zinaikimbia.

Kilikuja nyumbani kwa boda. Sitasimulia, ila kipande kimoja kilifunguka kwa upepo, na jamaa mmoja wa stendi alipata muda wa kupaza sauti: "Ssebo, mbao ziliisha?"

Mama mkwe amefika, na kiambaza kinafanya kazi. Yeye huku, mimi kule, na mke wangu ameketi katikati kama ofisa wa mpakani Mutukula, kila neno linapita kwake na mengine anayazuia. Jana bibi aliuliza bei. Nililipa laki nne na nusu. Kwa kuwa ofisa hajui hilo, nikasema laki mbili.

Kimya kidogo, kisha maagizo yakavuka mpaka: mkwe wangu ni mtu mzuri, anajua kubana pesa, basi aniagizie na mimi kama hicho kwa bei hiyohiyo. Lakini fundi asichanganye mbao. Hali yangu si mbaya kiasi hicho.