Mwongozo kwa Mche Uliopangiwa Liwatoni

Usilalamike. Mbegu haichagui pa kuotea, na wewe maji yamekutupa Liwatoni, kwenye tope la Kilindini, Mombasa, jirani na meli zinazopakwa tumboni rangi yenye shaba. Shaba hiyo, zinki na risasi haviozi. Usisubiri vioze.

Ukiwa mchu, yaani mkoko, anza na mizizi. Shusha hewa hadi kwenye tope lisilo na oksijeni. Chuma kilichoyeyuka humo kitageuka kutu na kukuganda. Pangusa tope kwenye mzizi mwembamba utauona utando huo, mwekundu wa hudhurungi. Hiyo ndiyo forodha yako. Metali nyingi hunaswa hapo, na uzuri wake hakuna wa kuhongwa.

Zitakazopenya zipokee kwa adabu. Tengeneza vijiprotini vyenye salfa vizishike, kisha zifungie kwenye vakuoli, ghala la ndani ya seli lililo mbali na kazi nyeti. Shaba na zinki kidogo zitoe majanini pamoja na chumvi. Risasi ibaki mizizini. Majani yakizeeka yaangushe, maji yakijaa yatayapeleka kwa jirani. (Usione haya. Mji huu ulitupa taka zake Kibarani miaka na miaka, ukingoni mwa maji ya Makupa.)

Ukitaka makuu, fuata Haumaniastrum katangense wa Katanga. Mmea huo hupenda ardhi ya shaba kiasi kwamba wataalamu waliufuata kutafuta mahali watu wa kale walipoyeyushia madini. Au hamia Kaledonia Mpya, kwa mti Pycnandra acuminata: utomvu wake ni wa kijani-buluu, na ukiukausha, robo ya uzito ni nikeli. Mdudu gani atakuuma?

Ukiwa mchicha wa kando ya mtaro, tafadhali usiwaige. Kipaji cha kupandisha kadimiamu majanini unacho tayari, na majani ndiyo tunayokula.

Ukiwa mtu, hapa hapakuhusu. Huna vakuoli wala jani la kuangusha, na mwili wako huidhani risasi kalsiamu ukaiweka mifupani. Wewe fuata utaratibu wa Owino Uhuru, kule Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kije 2007, kifungwe 2014. Upime damu, ushtaki. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikupe ushindi wa shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa iutengue 2023, Mahakama ya Juu iurudishe Desemba 2024. Kisha ulizia hundi.