Wavu wa Kuku kwenye Bampa

Ukiona IST imevaa wavu mweusi puani hapa Bariadi, usidhani kuna mashindano ya magari. Ni wavu wa banda la kuku, umekatwa kwa mkasi wa bati, ukapuliziwa rangi na kubanwa kwa waya wa kufungia nondo, ncha zimechomoza kama sharubu za kambale. Na kwa kuwa matundu ni makubwa, nyuma yake kuna wavu wa mbu wa dirishani.

Eti unazuia kokoto zisitoboe rejeta. Haya. Ila Simiyu ni mkoa wa pamba, mkuu. Msimu ukifunguliwa, malori yakipita yanadondosha nyuzi, na wavu wako unazidaka zote, pamoja na panzi. Upepo wa kuipoza rejeta upite wapi?

Gari linachemka kabla ya kufika Lamadi. Bosi anafungua boneti, anamlaani fundi. Fundi naye themostati alishaing'oa zamani: "Hiyo ya nchi za baridi." Rejeta inakunywa maji ya kisima.

Wavu haujaguswa. Jirani keshauliza mita moja ni shilingi ngapi.