Jinsi ya Kurekodi HD Ukambani Bila Kuuza Mbuzi wa Pili

Mbuzi wa kwanza hatumhesabu. Alishauzwa kwa sababu ya runinga, na mkazi yeyote wa Makueni au Kitui anajua kwamba mbuzi aliyeuzwa kwa jambo la maana haombolezwi. Mwongozo huu unamhusu wa pili: yule ambaye mkeo amekwisha kumtenga kwa karo ya muhula ujao, na ambaye wewe, tangu usome neno "PVR", yaani kinarekodi, kwenye boksi la king'amuzi, umeanza kumtazama kwa jicho jingine.

Hatua ya kwanza ni kujua ulichonacho tayari. Sogea karibu na runinga yako usome kile kibandiko ambacho hujakibandua tangu siku ya kununua, ili wageni wakione. Kikisema "Full HD", hongera. Kikisema "HD Ready", ujue umeambiwa kama anavyoambiwa mgeni kwamba chakula kiko tayari, kisha akaoneshwa ndengu shambani.

Tofauti ni ya vipimo, na vipimo tunavijua. Picha ya kawaida, ile SD, imeshonwa kwa vidoa 720 kwenda kulia na 576 kwenda chini, kama laki nne hivi kwa jumla. Runinga nyingi za inchi 32 zenye jina la "Ready" zina 1366 kwa 768, milioni moja na kidogo. Full HD ni 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Aliyekuuzia Ready kwa bei ya Full amekupimia ndengu kwa mkebe wa kasuku uliobonyezwa kitako. Umewahi kumfanyia hivyo mnunuzi kutoka Nairobi, kwa hiyo nyamaza.

Hatua ya pili.

(Stima ilipotea hapa. Iliporudi tulikuwa tumefika hatua ya tatu. Utazoea.)

Hatua ya tatu ni antena. Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana kuna watu wazima wanaoamini kwamba televisheni iliharibika walipokuja vijana. Enzi za analojia, picha mbaya ilikuwa bado ni picha. Ungeona chenga tupu, lakini ndani ya chenga ungemsikia Mzee Ojwang' wa vichekesho vya Vitimbi akifoka, ukacheka vizuri tu. Rais Kibaki alizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, na waliokimbilia ving'amuzi vya mwanzo wakaja kugundua kwamba nchi imehamia mfumo wa DVB-T2 nao wameshika DVB-T. Tarakimu moja tu, lakini bila hiyo king'amuzi ni kiti cha kuwekea kitambaa. Halafu ikaja Februari 2015, Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka kwa karibu wiki tatu katika ule mvutano wa wenye vituo na Mamlaka ya Mawasiliano. Analojia ikazikwa mwaka huo. Benson Wanjau, ndiye Mzee Ojwang' mwenyewe, akafariki Julai mwaka huo huo. Mimi huviweka vifo hivyo viwili pamoja, ingawa najua havihusiani.

Basi dijitali haina chenga. Inakuja yote, au inaganda mtangazaji akiwa amefumba jicho moja, au haiji kabisa. Na mawimbi yake hayapendi kupinda. Ukiwa Kwa Vonza kwenye tambarare, una nafuu. Ukiwa kama mimi, upande wa mlima wa Kilungu usiotazamana na mtambo wowote, utahitaji mlingoti mrefu, fundi, na kijana wa kupanda. Usifunge antena kwenye mwembe. Najua mwembe ni wa bure na uko palepale. Lakini majani mabichi hunywa mawimbi, hasa yakilowa, na mvua ya Novemba ikinyesha utabaki na king'amuzi kinachosema "hakuna mawimbi" na maembe ambayo madalali hawayataki.

Wakati wa kuelekeza antena, mmoja awe juu, mmoja mlangoni, mmoja mbele ya runinga, na wote wapige kelele. Ndivyo ilivyo kote duniani. Wazee wa Kitui husimulia kwamba ukilizunguka jiwe la Nzambani mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Antena yangu nimeizungusha mara zaidi ya saba. Haijageuka chochote.

Sasa tuje kwenye siri ambayo hakuna muuzaji atakayekuambia, kwa hiyo nakuambia mimi bure. King'amuzi hakipigi picha kilichoko kwenye kioo. Kinachofanya ni kukinga ule mkondo unaotoka kwenye mtambo na kuumwaga kwenye flashi jinsi ulivyo. Kituo kikirusha SD, na chaneli nyingi za bure zinazofika kwangu ni SD kwa sababu zimebanana katika mkondo mmoja kama abiria wa matatu ya mwisho ya Emali, utarekodi SD. Kwenye runinga ya inchi 55 utaiona SD hiyo ikiwa kubwa zaidi. Ukichota maji ya mto Kaiti siku ya mafuriko kwa mtungi wa dhahabu, bado utakunywa tope. Wengi wakifika hapa huniuliza, "Kwa hivyo HD iko wapi?" HD iko kwenye kibandiko.

Iko pia kwenye televisheni za kulipia, nisije nikashtakiwa. DStv ina Explora, king'amuzi chenye diski kuu yake tumboni, kinachorekodi HD ya kweli. Kinataka dishi lenye kichwa cha kupokea mawimbi (LNB) cha kukifaa, kinataka malipo ya kila mwezi, na ulichorekodi kinakaa humo humo tumboni. Huwezi kukichomoa ukampelekea shemeji Mwingi. Ni kama kuwa na shamba ambalo mavuno yake hayaruhusiwi kutoka nje ya ua. Wapo wanaolipenda.

Wewe mwenye king'amuzi cha bure na tundu la USB, twende kwenye flashi. Hapa hesabu inataka utulivu. HD iliyobanwa vizuri hutumia kama megabiti 8 kwa sekunde. Hiyo ni megabaiti moja kila sekunde, gigabaiti 3.6 kwa saa. Flashi ya gigabaiti 16 itakubebea karibu saa nne na nusu. Lakini flashi nyingi huja zimepangwa kwa mtindo unaoitwa FAT32, ambao haukubali faili moja lipite gigabaiti 4 na kidogo. Ving'amuzi vyenye akili hukata faili vipande vipande. Visivyo na akili hukata tu.

Chukua mfano wa Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ungeirekodi kwa HD kuanzia mlio wa kwanza, ungehitaji gigabaiti saba na zaidi. Faili lingejaa baada ya dakika 71 hivi. Kwa kasi yake ya dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita, Kipchoge angekuwa ndiyo kwanza anavuka kilomita ya 25. Na hapo angebaki. Wajukuu wako wangekua wakijua kwamba kulikuwa na Mkenya mmoja aliyekimbia vizuri sana mpaka kilomita ya 25, kisha sijui aliingia wapi.

Ipange flashi kwa mtindo mwingine kama king'amuzi chako kinaukubali. Na tafadhali usinunue ile ya "terabaiti 2" inayouzwa kwenye turubai siku ya soko kwa bei ya jogoo. Ndani yake kuna gigabaiti nane na uongo. Ikijaa haisemi, inaendelea kupokea kwa adabu huku ikifuta ulichoweka mwanzo.

Malipo, basi. Ungedhani ndiyo sehemu ngumu, kumbe Ukambani njia ni nyingi kuliko mito. Chama cha akina mama hakitakupa, kwa sababu mkeo ndiye mweka hazina. Sacco itakupa, ila pale kwenye fomu palipoandikwa "madhumuni ya mkopo" usiandike king'amuzi. Andika "vifaa vya masomo", kisha umwite mtoto mmoja aketi mbele ya kipindi cha wanyama. Kungoja ndengu za mvua za vuli kunawezekana, lakini utavuna Januari au Februari, na bei atakuletea dalali akiwa ameivaa kwenye uso. Fuliza ipo tangu 2019 na haiulizi swali lolote. Ubaya wake ni kwamba hela ya kwanza itakayoingia kwenye simu inamezwa, kwa hiyo mwenye kununua maembe yako atatuma elfu tatu, nawe utapokea ujumbe mfupi na huzuni. Kwa walio pembe za mbali ambako nguzo za stima bado ni stori, kuna seti za sola za kulipia kidogo kidogo kila siku. Usipolipa, mtambo unajifunga wenyewe, na unaweza kuketi mbele ya kioo cheusi ukijitazama.

Haya. Umelipa, umefunga, umepata mawimbi. Bonyeza kitufe chekundu.

Utagundua kwamba king'amuzi cha bei yetu kina sikio moja. Kikirekodi Citizen, hakiwezi kukuonesha KBC. Kikikubali sana kitakuonesha chaneli jirani iliyo kwenye mkondo ule ule. Fikiria maana yake. Ulinunua kifaa ili urekodi taarifa ya habari huku watoto wakitazama chao. Sasa ili kurekodi kipindi ambacho hutakuwepo kukiona, ni sharti nyumba nzima iketi ikione. Ukirudi kutoka Wote saa tatu usiku watakusimulia, vizuri kuliko mtangazaji, nawe hutakuwa na haja ya kukitazama.

Ndiyo maana wengine huiwekea mashine saa, wakaenda zao. Mimi pia niliiwekea. Taarifa ya Kiswahili ni saa moja jioni, hilo hata mtoto wa chekechea Nunguni analijua. King'amuzi hakilijui. Kwake yeye taarifa hiyo ni 19:00, na ukimwandikia 01:00 ataamka kwa utiifu saa saba usiku, wakati hata mbwa wa jirani wamechoka. Tena kama fundi aliondoka bila kupanga saa za eneo, mashine itakuwa inaishi Greenwich, saa tatu nyuma yetu: utaandika 19:00 kwa usahihi kabisa, nayo itaanza kazi saa nne usiku, Kenya nzima ikipiga miayo.

Niliandika 01:00. Asubuhi nilikuta saa mbili kamili za kwaya moja, wamevaa kijani, wakiimba mbele ya pazia. SD. Picha imeganda mara nne, na mara moja mwimbaji wa sauti ya tatu amegawanyika vipande kama chapati. Nilishika rimoti nifute.

"Usiguse hiyo," akasema mama kutoka mlangoni. Alikuwa amekuja na kyondo chake kutoka kwa dada yangu, alale siku mbili.

"Mama, hii ilijirekodi kwa makosa. Ni ya usiku."

"Mwana wakwa, kitu cha kanisa hakifutwi."

Hiyo ilikuwa Machi. Siku mbili zake bado hazijaisha. Kwaya inaimba kila jioni baada ya chai, na wanawake wa jirani wanakuja na viti vyao. Wimbo wa tatu unapoganda wao huendelea peke yao mpaka picha iwafikie. Hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu HD. Kijana wa duka la muvi pale stendi, anayejaza flashi za watu sinema zilizotafsiriwa na DJ Afro, aliniambia flashi yangu haina nafasi hata ya katuni, kwa sababu mama amegundua kitufe chekundu na sasa anarekodi ibada za Jumapili pia.

Nitahitaji diski kuu. Nimezungukia nyuma ya nyumba kufikiria. Mbuzi wa pili alikuwa amesimama juu ya jiwe, akitafuna, ananitazama.